Rangi za maji na watoto: mwaka mzima nililaumu mikono yao, kumbe karatasi (jogoo, mbuzi na kanga kwa siku tatu)

Baba_Watatu (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi kwa jogoo.

Mwaka juzi niliwanunulia wanangu boksi la rangi za maji, yale yenye vidonge kumi na viwili na brashi moja iliyochoka kabla ya safari. Wana miaka 10, 7 na 5. Rimu la karatasi za kutolea kopi lilikuwepo ndani, nikawapa, nikawaambia chora wanyama. Baada ya nusu saa nakuta simba watatu wa rangi ya matope, karatasi zimejikunja kama dagaa juani, na mdogo analia kwa sababu simba wake ametoboka tumbo. Nikasema moyoni hawa hawana mkono, wamenifuata mimi. Boksi likapanda juu ya kabati.

Desemba iliyopita shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kuandika mabango, alipita nyumbani akaliona lile boksi lina vumbi. Akatoa karatasi moja nene kwenye mkoba wake, akaikata vipande vinne, akawapa watoto. Rangi zile zile, brashi ile ile. Nilichokiona jioni hiyo kilinitia aibu, maana mwaka mzima nilikuwa nawaona watoto ndio tatizo.

Shemeji alinieleza hivi. Karatasi ya kopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba na imetengenezwa kwa ajili ya wino wa unga wa mashine. Ukiipa maji, nyuzinyuzi zake zinavimba, inajikunja, na ukipitisha brashi mara ya pili uso unaanza kutoa vijidonge kama sweta la zamani. Karatasi ya rangi za maji huwa ya gramu 200 kwenda juu, ile nzuri hasa ni 300, na kiwandani inatiwa gundi kidogo ili maji yakae juu ya uso kwanza, yasinywewe papo hapo. Ule muda mfupi ambao maji yamekaa juu ndio muda wa mtoto kusogeza rangi. Kwenye karatasi ya kopi muda huo haupo: anagusa, rangi imeshazama, anaongeza maji, anasugua, karatasi inatoboka, kilio.

Kwa hiyo kama una hela ya kitu kimoja cha maana, nunua karatasi na rangi ziwe za bei rahisi. Wengi tunafanya kinyume. A3 moja inatoa vipande vinne, na kwa mtoto wa miaka 5 kipande kimoja kinatosha kabisa. Karatasi kubwa inamchosha kabla hajafika kwenye mkia.

Vingine ni vya kawaida. Penseli ya HB au 2B. Brashi mbili za duara, nene na nyembamba. Makopo mawili ya maji, la kuoshea brashi na la maji safi. Tambara. Kipande cha hadibodi, na ile tepu ya karatasi ambayo mafundi rangi huzibia kingo za madirisha. Ibandike kwanza kwenye suruali yako ipunguze unato, halafu ndiyo uishikishe karatasi kwenye ubao pande zote nne. Hapo haijikunji sana, na ukija kubandua unapata mpaka mweupe ulionyooka. Hata picha mbovu inaonekana imefanywa na mtu mwenye akili zake.

Chai isikae meza moja na makopo ya maji. Sitaki kuulizwa nimejuaje.

JOGOO

Msianze na simba. Watoto wangu hawajawahi kumwona simba, kwa hiyo wanachora katuni waliyoiona kwenye runinga. Jogoo yupo uani, hana gharama ya kiingilio.

Tulitoka na vigoda, na kwa dakika kumi ilikuwa marufuku kuchora. Kutazama tu, huku nauliza. Vidole vingapi mbele? Vitatu, na kimoja nyuma. Jicho liko mbele kama letu au pembeni? Goti linakunjikia wapi? Mkubwa akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba goti la kuku linakunjikia nyuma. Shemeji akamwambia lile si goti, ni kisigino. Goti lenyewe limejificha juu, ndani ya manyoya, na jogoo anatembelea vidole maisha yake yote. Mtoto akasimama kwa ncha za vidole, akazunguka uani akijaribu. Tangu siku hiyo hakosei miguu ya nyuma ya mnyama yeyote, awe mbwa, awe mbuzi.

Kuchora kwenyewe: yai kubwa limelala kwa mwinamo, yai dogo juu yake ndicho kichwa, mistari miwili inayounganisha ndiyo shingo. Mkia ni mundu tatu au nne zinazotoka sehemu moja. Upanga wa kichwani unakuja mwisho. Penseli isikandamizwe, maana rangi za maji zinaonyesha kilicho chini yake, na mstari ukishafunikwa na rangi haufutiki tena vizuri.

Hapa mzazi kaa na mikono yako. Mimi nilichukua penseli ya mdogo "nimrekebishie" mdomo wa kuku. Akaniangalia, akashuka kwenye kiti, hakugusa penseli mpaka kesho yake.

Rangi zinaanza na iliyo hafifu. Njano yenye maji mengi mwili mzima, ukiacha doa dogo jeupe kwenye jicho. Kisha mnasubiri. Kwetu huo ndio ulikuwa mtihani, kuliko mchoro wenyewe. Weka mgongo wa kidole juu ya karatasi. Ukihisi ubaridi, bado mbichi. Mdogo aliipenda sana kazi hiyo, akawa mkaguzi wa meza nzima. Ikikauka, rangi ya chungwa shingoni na kahawia mgongoni. Mkia tuliufanya tofauti: paka maji matupu kwanza, halafu gusisha ncha ya brashi yenye bluu upande mmoja na kijani upande mwingine, uziache zikutane zenyewe. Walipiga kelele hadi jirani akachungulia ukutani.

Kuhusu matope: mtoto achanganye rangi mbili tu kwa wakati mmoja. Ya tatu ikiingia, hasa mkiwa na nyekundu, njano na bluu pamoja, mnaelekea kwenye kahawia mtake msitake.

MBUZI

Huyu sitamwongelea sana, ni yai na miguu minne. Ila watazame jicho. Mboni ya mbuzi ni mstari mpana uliolala, si duara. Watoto wangu walikuwa wameishi na mbuzi wa jirani miaka yote bila kuiona. Mbuzi wenye mboni ya duara wanaonekana kama mbwa waliovaa pembe.

KANGA

Namzungumzia ndege, si vazi. Kwenye rangi za maji nyeupe yako ni karatasi yenyewe, na kidonge cheupe cha kwenye boksi hakifuniki kitu. Sasa madoa meupe mia kwenye ndege mweusi unayapataje? Chukua mshumaa mweupe wa kawaida, donoa madoa kwa ncha yake juu ya karatasi kavu. Hayaonekani kabisa, mtoto anadhani unamtania. Changanya bluu na kahawia mpaka ipatikane rangi ya wingu la mvua, pitisha juu. Nta inakataa maji na madoa yanajitokeza yenyewe. Mtindo huo huo unafanya punda milia.

Nitaendelea na maswali kama yapo.

Kambi_Popote

Nimeweka kambi. "Mbuzi wenye mboni ya duara wanaonekana kama mbwa waliovaa pembe" nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda kaniangalia vibaya.

Hesabu_Kwanza

Mkuu hongera kwa muda ulionao, ila mtoto wa miaka 10 ni wa darasa la nne, ana upimaji wa kitaifa mbele yake. Kuchora kuku kutamsaidia nini? Bora angekariri majedwali.

Baba_Watatu

Hesabu_Kwanza, Desemba shule zimefungwa na majedwali anayajua. Mwingine?

Mwl_Kondoa

Mleta mada nashukuru, ila tuongee ukweli wa darasani. Nina watoto 74 kwenye chumba kimoja, na brashi ninazo sita. Mifano ya wanyama hatukosi: michoro ya miambani ya Kolo iko wilayani kwetu, ile iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kuna wanangu darasani walioshapanda kule wakaona twiga na pofu waliochorwa kwa udongo mwekundu, na wakaniuliza mbona hao watu wa zamani hawakuwa na boksi la rangi. Sikuwa na jibu la haraka. Sasa nishauri, brashi sita watu 74.

BintiWaKisauni

Mwalimu, pole na hongera. Mimi niko Mombasa, na skuli ya mwanangu, mambo ya CBC (mtaala wa umilisi), kila wiki yataka kifaa kipya, kwa hiyo nimeshazoea kuunda.

Brashi: chukua kijiti cha mswaki, ule wa mti, si wa dukani. Kitafune ncha mpaka nyuzi zifunguke, kioshe, kikaushe. Washika maji vizuri, na nyuzi zake ngumu zafaa sana kwa manyoya. Kila mtoto aje na wake na asiazime, maana umeshaingia kinywani.

Rangi: unga wa manjano wa jikoni kijiko kimoja kwenye maji ya moto kidogo, wapata njano kali. Chukua sehemu yake utie magadi kidogo, yageuka nyekundu ya kahawia mbele ya macho yao, na hapo hutasikia mtu akiomba ruhusa ya kutoka. Chai ya rangi iliyochemka sana ni kahawia nzuri ya paa na swala. Ukiirudia ikikauka, kila tabaka lazidi kukolea. Choya lililochemshwa latoa wekundu wa zambarau, na ukitia ndimu wekundu wazidi. Tatizo la manjano ni jua: picha ukiitundika dirishani yapauka upesi.

Mwanangu wa kike alichora paka wa mtaani kwa chai tupu. Paka wenyewe wa hapa rangi yao ndiyo hiyo hiyo.

Mwl_Kondoa

Dada yangu wa Kisauni Mungu akubariki. Magadi yapo, manjano yapo, mswaki upo. Jumatatu tunaanza.

Baba_Watatu

Nami nimejifunza. Na mimi nilisema chai isikae mezani!

MamaPacha

Swali kwa mleta mada. Pacha wangu wana miaka 6. Wanataka rangi ya zambarau kwa kila mnyama, usiniulize kwa nini. Tunachanganya nyekundu na bluu kama kila mtu anavyosema, inatoka kitu kama maji ya kuoshea sufuria. Tunakosea wapi?

Baba_Watatu

Mama, nimempelekea shemeji swali lako, anajibu hivi (nimemwandikia mimi, yeye simu yake imejaa picha za mabango):

"Hamjakosea. Nyekundu ya kwenye maboksi mengi ya watoto ina njano ndani yake, inaelekea chungwa. Ukiichanganya na bluu umeshaweka rangi tatu bila kujua, ndiyo maana unapata uchafu. Angalia kama boksi lina waridi au pinki kali, changanya hiyo na bluu. Zambarau itatoka safi. Kama hakuna pinki, basi kidonge cha zambarau kilichotengenezwa kiwandani si dhambi."

MamaPacha

Pinki imefanya kazi. Sasa nina tembo wawili wa zambarau ukutani na wa tatu yuko kwenye ubao.

Mjomba_Tunduru

Wakuu, mimi nina ubishi kidogo na sehemu ya kanga. Mleta mada anasema nyeupe haiwekwi juu. Mbona Tingatinga wanaweka madoa meupe juu ya nyeusi kila siku na yanang'aa? Edward Saidi Tingatinga ni mtu wa kwetu Tunduru, alianza kuchora Dar mwaka 1968, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu, na leo dunia nzima inamjua kwa chui na ndege wake wenye madoa. Naona watoto wangejifunza mtindo huo kuliko kuhangaika na mishumaa.

Baba_Watatu

Mjomba, hoja yako nzito, lakini rangi ni tofauti. Tingatinga alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Inafunika. Unaweka nyeusi, ikikauka unadonoa nyeupe juu, imekaa. Rangi ya maji ni kama kioo chenye rangi, kila unachoweka chini kinaonekana juu. Na rangi ya baiskeli huioshi kwa maji, inataka thina (dawa ya kuyeyushia rangi), na mtoto wa miaka 5 na thina hapana.

Ila kuhusu mtindo nakubaliana na wewe. Mnyama mmoja anayejaza karatasi, mgongo umepinda kufuata nafasi iliyopo, madoa kwa mpangilio: mtoto anauelewa mara moja. Wa miaka 7 alifanya chui kwa namna hiyo. Njano hafifu mwili mzima, ikikauka madoa ya kahawia, yakikauka katikati ya kila doa chungwa kidogo. Yaani alikwenda kinyume na Tingatinga, kutoka rangi nyepesi kwenda nzito.

Mjomba_Tunduru

Hapo sawa. Chui wa manjano kwanza. Nimekuelewa.

Mzururaji_Vienna

Wakuu salaam, mimi niko Austria miaka sita sasa. Hapa Vienna kuna makumbusho inaitwa Albertina, na ndani yake kuna sungura wa Albrecht Dürer, Mjerumani, aliyechorwa kwa rangi za maji mwaka 1502. Nimewahi kupeleka binti yangu tukakuta nakala, maana wa asili anatolewa kwa nadra sana, mwanga unaumiza rangi. Hata nakala inatosha kusoma kazi: chini kuna kahawia hafifu iliyolowa, halafu manyoya yamepigwa unyoya mmoja mmoja juu yake, na mwisho kabisa mweupe mzito kidogo. Njia ni ile ile ya jogoo wako mkuu, tofauti ni subira.

Lakini nimekuja kwa ajili ya lile la "msianze na simba". Mtu huyo huyo mwaka 1515 alichora kifaru bila kuwahi kumwona, kwa maelezo na mchoro wa watu wengine kuhusu kifaru aliyefikishwa Lisbon. Akamvisha mabamba kama nguo za chuma za askari, na pembe ndogo ya ziada mgongoni. Fundi mkubwa kiasi hicho! Binti yangu nilipomwonyesha akasema, "Baba, huyu hakwenda kumwangalia."

Kambi_Popote

Kumbe hata Wazungu walichora katuni ya simba. Nimefarijika sana.

Hesabu_Kwanza

Nimerudi. Jana umeme ulikatika, mtoto akawa anasumbua, nikampa mshumaa na karatasi ya bahasha ya kaki. Lile jambo la madoa halikufanya kazi. Mnadanganya watu.

Baba_Watatu

Karibu tena. Karatasi ya kaki yenyewe ni ya kahawia, kwa hiyo nta haiwezi kukupa doa jeupe, na bahasha inakunywa maji haraka. Soma tena juu, mada nzima ni karatasi. Nenda duka la vifaa vya shule, waulize karatasi ya kuchorea ya gramu 200. Kama hawajui gramu, shika kona uikunje kidogo: ya kopi inalala, hiyo inarudi yenyewe. Na ukikosa kabisa, manila nyeupe nene inavumilia tabaka mbili, maji yawe machache.

Hesabu_Kwanza

Nimepata manila. Kanga ametoka. Tusiongelee sana.

MamaPacha

Mleta mada swali la mwisho, picha mnazihifadhije? Zangu zimejaa ukuta mzima na baba yao ameanza kuuliza kama hapa ni nyumba au banda.

Baba_Watatu

Sisi tunaweka kwenye faili la plastiki, lisikae juani. Nyuma ya kila picha mtoto anaandika jina lake, tarehe na mnyama alikuwa wa nani, kwa penseli, maana wino wa kalamu ya felti ukipata unyevu unavuja hadi mbele. Mdogo bado hajui kuandika vizuri, ya kwake naandika mimi anavyonitamkia. Ya jogoo imeandikwa, "Huyu ni wetu, anaitwa Kamanda, tarehe 19."

Kamanda mwenyewe tulimla Krismasi. Mchoraji alinuna mpaka pilau lilipofika mezani, akala paja.